Mpimeni mtoto presha kabla hajalala

Karatasi ya usingizi inayojazwa chumba cha upasuaji ina safu nyingi: uzito wa mtoto, dawa alizopewa, saa aliyolala, mapigo ya moyo, oksijeni, presha kila baada ya dakika tano. Kwa watoto wadogo, safu ya presha mara nyingi huanza baada ya dawa kuingia mwilini. Kabla ya hapo ni nyeupe. Sababu anaijua kila aliyewahi kufanya kazi thieta. Mtoto wa miaka miwili ametenganishwa na mama yake mlangoni, analia na kurusha mikono, mkanda wa presha unajaa hewa na kupwea bila kutoa namba, na daktari wa upasuaji ameshanawa. Basi mtoto analazwa kwanza, vipimo vinafuata.

Namba hiyo inayorukwa ina thamani kuliko zote zitakazoandikwa baada yake. Hiyo ndiyo hoja yangu, na naamini hospitali za Dar es Salaam, kuanzia Muhimbili hadi Amana, Temeke na Mwananyamala, zinaweza kuipata bila kusubiri mashine mpya.

Jiji hili limepiga hatua kubwa katika upasuaji wa watoto. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015, inaziba matundu ya moyo ya watoto ambao zamani walisubiri ndege ya kwenda India. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, inatibu vichwa vikubwa na mgongo wazi. Hospitali ya CCBRT pale Msasani inashona midomo sungura na kunyoosha miguu iliyopinda. Muhimbili yenyewe inawahudumia vichanga waliozaliwa utumbo ukiwa nje. Kila mmoja wa watoto hao amepitia mikononi mwa mtu wa usingizi, na umma haumjui mtu huyo. Tunamsifu aliyeshika kisu. Aliyekaa kichwani pa mtoto saa nzima akifuatilia kama damu inafika kwenye ubongo, hatumuulizi kitu, wala hatuulizi alipewa nini cha kufanyia kazi.

Presha ya mtu mzima huzungumzwa kama namba moja, 120 kwa 80, na mtaani kila mtu anaijua. Mtoto hana namba ya namna hiyo. Kichanga aliyetimiza miezi yake tumboni anaweza kuwa na namba ya juu ya 65 na akawa mzima kabisa. Mtoto wa miaka minane akiwa na 65 yuko hatarini. Kati ya hao wawili kuna ngazi nzima ya umri na uzito, na muuguzi wa usingizi wa hospitali ya mkoa, ambaye asubuhi amehudumia mama wa upasuaji wa uzazi na mzee wa ngiri, anatakiwa aibebe ngazi hiyo yote kichwani.

Kisha kuna wingi wa damu. Kichanga ana kama mililita 80 hadi 90 za damu kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo tatu, damu yake yote haijazi chupa ya soda. Zikipotea mililita 25, ambazo ni shashi chache zilizolowa, imeondoka sehemu ya kumi ya damu aliyo nayo. Moyo wake nao hauna uwezo mkubwa wa kuongeza nguvu ya kila pigo kama ule wa mtu mzima. Njia yake kuu ni kuongeza kasi. Dawa ikipunguza kasi hiyo, na halotheni, gesi ya usingizi ambayo imetumika kwa miaka mingi katika hospitali nyingi za Afrika, ina tabia hiyo, presha inashuka pamoja na mapigo.

Wapo wanaosema kwamba kwa mtoto presha ni kipimo cha kuchelewa, na kwamba ikishashuka mambo yameshaharibika. Kwa mtoto aliye macho hilo ni kweli. Anapovuja damu hukaza mishipa yake na kuharakisha moyo, akaishikilia presha mpaka robo ya damu yake au zaidi iwe imekwenda. Ndiyo maana wodini muuguzi mzuri hutazama kwanza mapigo na ubaridi wa vidole. Lakini usingizi unaivuruga kinga hiyo. Gesi hulegeza mishipa na kuzubaisha ule mfumo wa neva unaoamuru moyo ukimbie presha inapoanguka. Kwa hiyo ndani ya thieta namba ya presha inapata uzito ambao haikuwa nao wodini, kwa sababu mwili wa mtoto umepokonywa uwezo wa kuficha hali yake.

Sasa, presha ya chini ni ipi? Mwaka 2009 ulichapishwa uchunguzi ambao watafiti waliwauliza madaktari wa usingizi wa watoto wa Marekani na Uingereza swali hilo, na majibu yao hayakulingana. Wengi walikwenda na kushuka kwa asilimia 20 hadi 30 kutoka pale mtoto alipoanzia. Wengine huishika kanuni ya huduma za dharura: kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 10 chukua 70, jumlisha umri wake mara mbili, namba ya juu isiwe chini ya hapo. Kwa wa chini ya mwaka mmoja mpaka ni 70, kwa kichanga ni 60. Kanuni hiyo ni nyepesi kukumbuka na naipenda kwa sababu hiyo, lakini ilitungwa kwa ajili ya kumtambua mtoto mahututi anayeletwa mapokezi. Haikutungwa kwa mtoto mzima wa afya aliyelazwa kwa dawa ili ashonwe ngiri.

Turudi kwenye zile asilimia 20 hadi 30. Asilimia 20 ya nini? Ya namba ya mwanzo. Kama namba ya mwanzo haikuchukuliwa, hesabu haina pa kuanzia, na kinachotokea ni kwamba kipimo cha kwanza baada ya mtoto kulala kinageuzwa kuwa mwanzo. Chukua mtoto ambaye presha yake ya wastani, ile iliyo kati ya namba ya juu na ya chini, akiwa ametulia wodini ni 60. Gesi inaingia, inashuka hadi 42, na hiyo 42 inaandikwa juu kabisa kwenye karatasi kama hali yake ya kawaida. Nusu saa baadaye ni 38. Mtu wa usingizi anaona tofauti ya 4 tu, anatulia. Kwa hesabu ya kweli mtoto huyo amepoteza zaidi ya theluthi ya presha yake, na hakuna aliyekosea kusoma. Walisoma vizuri wakilinganisha na kitu kisicho sahihi.

Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti mkubwa uliojaribu kujibu swali hili kwa wingi wa takwimu. Ulikusanya rekodi za usingizi zaidi ya 116,000 za watoto kutoka vituo 10, vingi vikiwa vya Marekani, na kuchora mikondo ya presha kwa umri na uzito, tena ukatenganisha kipindi cha maandalizi kabla ya kisu na kipindi cha upasuaji wenyewe. Ni kazi ya kuheshimika. Inaonyesha waziwazi kwamba watoto walio usingizini huwa na presha ya chini kuliko walio macho, hivyo majedwali ya watoto walio macho hayafai thieta. Ila mikondo hiyo inatuambia kinachotokea kwa wengi. Haituambii kilicho salama. Presha ikiwa ya kawaida kwa maana kwamba inaonekana kwa watoto wengi waliopewa gesi, bado hatujaambiwa kama ubongo wa kila mmoja wao ulipata damu ya kutosha.

Na watoto hao walikuwa ni wale wenye afya nzuri kwa jumla, wa nchi tajiri. Mtoto wa Mbagala au Gongo la Mboto anayekuja kufanyiwa upasuaji anaweza kuwa na uzito mdogo kuliko umri wake, ana wekundu mdogo wa damu kwa sababu ya malaria, minyoo au lishe, au ana sikoseli. Damu yenye wekundu mdogo hubeba oksijeni kidogo, kwa hiyo ile presha ambayo mtoto mwingine angeivumilia inaweza kumgharimu huyu. Ukimpima kwa mkondo wa umri peke yake, huku mwili wake ni wa mtoto mdogo kwa mwaka mzima, unaweza kupotea kwa upande wowote. Njia ya uhakika tuliyo nayo leo ni kumlinganisha na yeye mwenyewe.

Kabla mzazi anayesoma haya hajaingiwa na hofu, kuna habari njema ya kuijua. Utafiti uliofanyika katika nchi saba ukihusisha watoto 722 wachanga ulilinganisha usingizi wa nusu kaputi na ganzi ya mgongoni kwa upasuaji wa ngiri. Walipotimiza miaka mitano, waliopata nusu kaputi ya muda wa chini ya saa moja hawakuwa nyuma kiakili kuliko wenzao. Kulazwa mara moja kwa muda mfupi na mtu anayejua kazi si jambo la kukosesha usingizi wazazi. Kinachonitia wasiwasi ni kile kinachoweza kutokea ndani ya muda huo bila mtu kukiona. Mwaka 2014 madaktari wa Marekani walieleza kisa cha vichanga sita waliopata degedege na majeraha ya ubongo muda mfupi baada ya upasuaji, na presha ya chini wakiwa usingizini ni mojawapo ya mambo waliyoyanyooshea kidole. Watoto sita hawathibitishi chanzo. Wanatosha kumfanya mtu makini akatae karatasi yenye safu nyeupe.

Hatari yenyewe ina saa yake. Watu wengi hudhani ni pale kisu kinapokata. Kisu huumiza, na maumivu hupandisha presha hata kwa aliyelala. Presha huelekea kuanguka zaidi mapema, mtoto akiwa ameshalala na hajaguswa. Gesi iko kwenye kiwango cha juu, hakuna kinachomchokoza, na katika dakika hizo kila mtu ana kazi nyingine: mmoja anatafuta mshipa wa dripu kwenye mkono mnene wa mtoto, mwingine anafunga mpira wa hewa kwa plasta, mwingine anamgeuza ubavu ili achomwe ganzi ya mgongoni, nesi anapaka iodini. Mashine inapima kila dakika tano kama ilivyopangwa, inaonyesha namba, na hakuna anayeiangalia. Ningependa kuona katika dakika hizo mashine ikipangwa kupima kila dakika mbili, na mtu mmoja akitajwa kwa jina, kabla ya kuanza, kuwa ndiye wa kuisoma kwa sauti. Gesi ikipunguzwa kidogo pale, au mtoto akiongezewa maji ya dripu kidogo kwa kilo, mara nyingi mambo yanakaa sawa.

Nije kwenye mkanda wenyewe, kwa sababu hapa ndipo kipimo kinapoharibikia kimyakimya.

Mkanda wa kupimia presha ulibuniwa na daktari wa Italia, Scipione Riva-Rocci, mwaka 1896. Ulikuwa mwembamba, kama sentimita tano hivi, na miaka mitano baadaye Heinrich von Recklinghausen akaonyesha kwamba wembamba huo ulikuwa unatoa namba za juu kuliko ukweli. Sheria iliyotokana na hapo haijabadilika: mkanda mwembamba kwa mkono unadanganya kwa kupandisha, mkanda mpana unadanganya kwa kushusha. Upana wa mfuko wa hewa unatakiwa uwe kama asilimia 40 ya mzunguko wa mkono, na urefu wake uuzungushe mkono karibu wote, asilimia 80 au zaidi. Mkono wa kichanga, wa mtoto wa mwaka, wa miaka mitano na wa miaka kumi yote inahitaji mikanda tofauti.

Katika vyumba vingi vya upasuaji vya nchi zetu mikanda ya watoto ni miwili, au mmoja, na gundi ya nyuzi zake imechoka kiasi kwamba inafungwa kwa plasta. Anayebaki na mkanda wa mtu mzima hufanya atakavyoweza: anaufunga kwenye paja la mtoto. Paja si mkono, na kwa mtoto aliye usingizini namba za mguuni hazilingani vizuri na za mkononi. Anayebaki na mkanda wa kichanga anaubana kwenye mkono wa mtoto wa miaka mitatu, mashine inatoa namba nzuri ya kuridhisha, na mtoto ambaye presha yake imeshuka anaonekana yuko salama. Kati ya makosa mawili, hili la mkanda mdogo ndilo la kuogopwa zaidi, kwa kuwa linatuliza. Ndiyo maana anayesita kati ya saizi mbili hufundishwa achukue iliyo kubwa.

Monita nayo ina mipangilio yake. Nyingi huwashwa zikiwa kwenye hali ya mtu mzima. Zinajaza hewa kwa nguvu ya mtu mzima, zikiubana mkono mdogo bure, na kengele zake zimewekewa mipaka ya mtu mzima. Kengele iliyopangwa ilie namba ya juu ikiwa chini ya 90 italia kwa kila kichanga mzima wa afya. Itazimwa. Ikishazimwa haitalia hata kwa kichanga anayekufa. Kubadili mipangilio hiyo ni kubonyeza vitufe vichache, lakini anayetakiwa kubonyeza hafundishwi siku mashine inapofunguliwa kwenye boksi, na fundi wa vifaa tiba aliyekuja kuifunga ameshaondoka.

Kuna jambo jingine ambalo waliozoea wataliona la kawaida, na wageni wa kazi hii hawalijui. Mashine hizi husikiliza mtetemo wa mshipa hewa inapopungua, zikapata presha ya wastani, kisha zikakadiria namba ya juu na ya chini. Kwa mtoto mdogo, presha ya wastani ndiyo ya kuaminiwa zaidi. Mtetemo ukiwa dhaifu sana mashine haitoi namba, inajaza tena na tena. Daktari wa upasuaji akiuegemea mkono wa mtoto, hali ni hiyo hiyo. Tabia iliyozoeleka ni kusema mashine inasumbua na kusubiri. Mtu wa usingizi aliyelelewa vizuri hushika mshipa wa mtoto kwanza, kwa kidole, ndipo aitazame mashine. Mashine iliyokosa namba imeshasema kitu, na wakati mwingine imesema kwamba presha iko chini kuliko inavyoweza kupima.

Kidole hicho kina historia. Harvey Cushing, daktari wa Marekani, aliuona mkanda wa Riva-Rocci mjini Pavia mwaka 1901 na kuupeleka Baltimore, akaanza kuutumia wakati wa upasuaji. Alipoupigia debe Boston, jopo la madaktari likaona kwamba kidole cha mzoefu kinatosha. Hoja hiyo bado tunayo, imevaa nguo nyingine: watu wetu ni wachache, mzoefu anamjua mtoto kwa kumtazama, vipimo hivi ni vya nchi tajiri. Nawaheshimu sana hao wazoefu. Sehemu kubwa ya usingizi unaotolewa nchini hutolewa na wauguzi na matabibu waliopata mafunzo hayo, na wameokoa watoto wengi wakiwa na gesi moja na stetoskopu. Lakini mzoefu anajua hali ya mtoto sasa hivi. Hawezi kujua kwa kidole alikuwa wapi jana jioni, na mabadiliko ya taratibu, pointi mbili kila dakika tano, yanampita yeyote asiyeandika.

Viwango vya kimataifa vya usingizi salama, vilivyotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani pamoja na shirikisho la vyama vya wataalamu wa usingizi duniani, vinataka presha ipimwe angalau kila dakika tano, kwa mkanda unaolingana na mgonjwa. Vimewekwa kwa ajili ya kila hospitali inayofanya upasuaji, iwe ya mkoa au ya taifa.

Sasa kuhusu namba ya mwanzo na mtoto anayelia. Pingamizi kubwa dhidi ya hoja yangu ni kwamba presha ya mtoto anayelia ni ya uongo, iko juu mno, na ukiitumia kama mwanzo utamwona kila mtoto ameanguka. Pingamizi hilo lina nguvu, na jibu lake ni kuacha kuitafuta namba hiyo mlangoni pa thieta. Mtoto aliyelazwa apimwe wodini jioni ya siku iliyotangulia, amepakatwa na mama yake, ikiwezekana amesinzia. Anayekuja asubuhi na kurudi jioni apimwe siku ya kliniki, kwenye meza ile ile anapopimwa uzito. Hakuna mtoto anayefika thieta bila uzito kuandikwa, kwa sababu bila uzito dawa haihesabiki, na kila muuguzi analijua hilo. Presha iwekwe pembeni ya uzito, kwenye kisanduku kinachofuata, ikifuatana na neno moja: ametulia, amelala, au analia. Aliyeandikiwa “analia” arudiwe baada ya kunyonya. Mkono uliotumika uandikwe, na saizi ya mkanda, ili siku ya upasuaji utumike mkono ule ule na dripu iwekwe upande wa pili, maana mkanda ukijaa hewa juu ya dripu unazuia dawa.

Kwa mtoto wa dharura aliyekwishapungukiwa damu au maji, namba ya jana haipo na ya leo si yake. Hapo kanuni ya umri ndiyo mkongojo, na iandikwe kwamba imetumika kanuni. Kwa mtoto wa upasuaji mkubwa wa moyo kuna njia bora zaidi, mrija mwembamba ndani ya ateri unaoonyesha presha kila pigo, ingawa nao una masharti yake: kipokezi chake cha kupimia kikiwa sentimita 10 chini au juu ya moyo, namba inapotoka kwa zaidi ya 7, na kwa kichanga mwenye wastani wa 40 hiyo ni karibu sehemu ya tano. Hospitali nyingi hazitakuwa na mrija huo kesho. Mkanda zinaweza kuwa nao.

Lipo jambo linaloshusha presha ya watoto wetu kabla hata gesi haijafunguliwa, nalo ni njaa na kiu. Amri iliyozoeleka ni mtoto asiguse kitu tangu saa sita usiku. Kisha orodha inaanza, inaingia dharura, na mtoto aliyekuwa wa tatu anafikiwa adhuhuri. Mazungumzo ya mlangoni huwa hivi:

“Mama, mtoto kala saa ngapi mara ya mwisho?”

“Jana saa mbili usiku, sista. Tuliambiwa asiguse kitu.”

Hizo ni saa 16, katika joto la Dar es Salaam, kwa mtoto wa kilo 11. Tafiti zimeonyesha kwamba watoto waliokaa muda mrefu bila kunywa huelekea kuangukiwa na presha punde wanapolazwa. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2022 unaruhusu maji na vinywaji vyepesi mpaka saa moja kabla ya usingizi, na maziwa ya mama mpaka saa tatu. Kwingine wanasema saa mbili kwa maji na saa nne kwa maziwa ya mama. Uji ni chakula, unahesabiwa saa sita, na hilo liambiwe kila mama bila kuzungushwa. Maji ya kunywa na chai ya rangi yenye sukari si uji. Mzazi ambaye mtoto wake amerudishwa nyuma kwenye orodha ana haki ya kumwendea muuguzi na kuuliza, “Sista, zamu yetu imechelewa, anaweza kunywa maji sasa?” Swali hilo ni matibabu. Muuguzi anayelijibu kwa ukali hajui kwamba mzazi amemsaidia kazi.

Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti wa watoto zaidi ya 8,600 waliofanyiwa upasuaji katika hospitali 249 za nchi 31 za Afrika. Zaidi ya watoto wawili katika kila 100 walifariki, kiwango kilicho juu mara nyingi kuliko cha nchi tajiri. Matatizo yaliyoongoza baada ya upasuaji ni maambukizi, na sitaki kudai kwamba presha ndiyo iliyowaua watoto hao. Nadai kwamba hatuwezi kujua mchango wake ikiwa hatuiandiki.

Tanzania ilizindua mwaka 2018 mpango wa taifa wa upasuaji, huduma za uzazi na usingizi, uliopangwa kufika mwaka 2025. Mpango unaofuata utaje mikanda ya watoto kwa saizi zake, kama kifaa kinachoisha na kununuliwa upya, si kama sehemu ya monita inayokuja mara moja pamoja na boksi. Bohari ya Dawa iwe nayo kwenye orodha, ili mganga mfawidhi wa Temeke aiagize kama anavyoagiza glovu. Muhimbili na chuo kikuu chake cha tiba, MUHAS, kinachofundisha madaktari bingwa wa usingizi, vichore karatasi moja ya usingizi ya watoto kwa hospitali zote za mkoa, yenye kisanduku cha presha ya kabla, saizi ya mkanda, mkono uliotumika, wastani wa chini kabisa uliofikiwa na dakika ulizodumu, na wekundu wa damu wa mtoto. Karatasi hizo zisiishie kabatini. Zikikusanywa kwa mwaka mmoja tu kutoka Muhimbili, MOI, CCBRT na hospitali tatu za mkoa, mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili na mtu mmoja wa takwimu wanaweza kuchora mkondo wa presha ya watoto wa Dar es Salaam walio usingizini, na kumpa muuguzi wa Mwananyamala jedwali la kubandika ukutani linalomhusu mtoto aliye mbele yake.